Niliandika Gari ni Kavu, Kumbe Katoni Zilibadilishwa

Admin, ujumbe huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Ukiupandisha usiweke jina wala picha yangu, maana watu wa ofisini kwetu wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, karani katika kampuni ndogo hapa Homa Bay. Tuna gari moja tu, kempa ya dizeli iliyozeeka, yenye kitanda na jiko nyuma. Wageni huikodi wakalala humo humo safarini. Fundi wake ni baba yangu mdogo. Wazazi wangu walifariki nikiwa darasa la tano. Ni yeye aliyenilea kule Uriri, akanisomesha mpaka diploma, kisha akanitafutia kazi hii. Namwita Baba. Sijawahi kumwita vinginevyo.

Ni yeye pia aliyenifundisha kulisoma gari. Madam, mwenye kampuni, ni Msabato, kwa hivyo tangu Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jioni gari halitoki. Ijumaa mchana ninatandaza katoni chini yake, kila moja nimeiandika kwa herufi kubwa mahali pake na tarehe. Jumapili asubuhi ninazitoa na kuzitazama. Tone jeusi ni oili ya injini. Jekundu ni ya stelingi. La kijani ni maji ya rejeta. Lakini likiwa jepesi, la manjano, linateleza vidoleni na liko karibu na gurudumu, hiyo ni oili ya breki, na gari halisogei hata hatua moja. Ninachokiona ninakiandika kwenye fomu na kutia sahihi. Baba alipenda kuniambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "dizeli ya umri huu lazima idondoshe kitu. Ukiikuta kavu kabisa, ama oili imeisha, ama kuna mtu anakudanganya."

Mwezi uliopita gurudumu la nyuma kulia lilianza kulowa. Baba akalifungua, akamwambia Madam amebadilisha raba za breki. Ijumaa nikatandaza katoni kama kawaida. Jumapili nikazikuta kavu. Zote. Hata ile ya mbele, ambayo haijawahi kukosa tone jeusi tangu niajiriwe. Maneno yalikuwa yale yale ya herufi kubwa, na nani huchunguza herufi kubwa? Nikamuuliza, "Baba, mbona hata injini haijadondosha?"

Akacheka. "Na wewe! Gari ikiugua unalia, ikipona pia unalia? Andika kavu, wageni wanakuja kesho."

Nikaandika kavu. Hapo ndipo kosa langu lilipo na sitalificha. Nilijua alichonifundisha, nikaamini kicheko chake.

Jumatatu gari likatoka na mama mmoja na wanawe wawili kwenda Migori. Kwenye mteremko kabla ya Awendo breki zikaisha. Dereva wetu alinisimulia: "Dada, pedali ilizama mpaka chini, kama nakanyaga uji." Alipunguza gia, akaliingiza gari kwenye shamba la miwa, na miwa ndiyo iliyolisimamisha. Mtoto mdogo alikuwa amelala kwenye kile kitanda cha nyuma. Hakuumia mtu.

Madam akatuita. "Nani aliangalia hii breki kabla gari itoke?" Nilimgeukia Baba nikijua atasema neno la kunikinga. Yeye akatazama meza.

"Madam, mimi nafanya kazi kwa ile karatasi. Karatasi ilisema kavu. Huyu ndiye husoma katoni."

Huyu. Hata jina langu hakulitaja. Madam akataka nimletee maelezo kwa maandishi Jumatatu, yaani kesho, aamue kama nitabaki.

Jana mama mdogo, mke wa Baba, alinipigia niende kwao nikale. Yeye hajui lolote. Aliponituma makaa, nikakuta beseni limefunikwa kwa katoni iliyoandikwa NYUMA KULIA, mwandiko wangu, tarehe ya Ijumaa ile. Katikati ilikuwa na doa la manjano upana wa sahani. Nikaligusa, likateleza.

"Mama, hii ilitoka wapi?"

"Si Baba yako alileta nyingi ile Jumamosi, za kuwashia jiko. Hiyo nikaona ina mafuta mafuta, itanukisha chakula, nikafunikia makaa."

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akanitoa nje. "Raba moja ilikosekana dukani," akasema. "Nilidhani ile ya zamani itashika wiki moja tu."

"Na mimi je, Baba?"

"Wewe umesoma, nyathina. Utapata kazi ingine. Mimi na umri huu, nani atanipa spana?" Kisha akanyoosha mkono nimpe katoni.

Sikumpa. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumkatalia kitu. Niliondoka bila kula, na leo mama mdogo amenipigia mara mbili kuuliza kama chakula chake kilikuwa kibaya. Nimeshindwa kupokea simu.

Katoni iko kwenye sanduku langu, nimeifunga na karatasi ya nailoni. Nikiitoa, mtu aliyenipeleka shule akiwa na viatu vilivyotoboka atafukuzwa kazi, pengine apelekwe polisi, na itakuwa ni mimi niliyemtoa. Nikiificha, nitaondoka na jina la karani aliyekaribia kuua watoto. Tena Madam amesema Baba ndiye atakayetengeneza hizo breki, na wiki ijayo kempa inapeleka familia nyingine Mbita wavuke kwenda kisiwa cha Takawiri. Nao wana mtoto. Nimemwona kwenye fomu yao, ana miaka minne.

Fomu inayosema kavu ina sahihi yangu. Katoni inayosema kweli ina mwandiko wangu. Saa mbili asubuhi nitakuwa mbele ya Madam. Ninyi mnaonizidi umri, na hasa ninyi mliolelewa na watu wasiowazaa, niambieni kabla hakujakucha: niingie na katoni mkononi, au niingie mikono mitupu?