Damu ya Wazee wa Malolo

Siku yangu ya kwanza kazini maabara, Kilosa, Mganga Mkuu wa Wilaya hakuanza na darubini. Alinipeleka dirishani, akanionyesha wagonjwa waliokaa nje.

"Binti, hao wanakuogopa wewe kuliko malaria. Ukichukua damu ya mtu, mwambie unaipeleka wapi."

Hofu ya mumiani, wanyonya damu wa hadithi, ilikuwa imeenea bonde zima.

Soko huria lilinikuta nimehamishiwa kituo cha afya Mikumi. Zahanati za watu binafsi zilichipuka kando ya barabara kuu, kila moja na kipimo chake cha ajabu. Nikawa simwamini mtu kwa sababu tu ameshuka na mashine.

Ndipo akaja daktari mtafiti na sanduku la barafu. Alitaka damu ya wazee wanaosahau, na ya wasiosahau ili alinganishe. Kazi yangu ilikuwa kuizungusha kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zizame, kisha nichote utegili, yale maji ya manjano yanayobaki juu.

"Ubongo ukianza kuharibika, huenda ukaacha alama humu mapema, kabla mtu hajaanza kupotea njia," alisema. "Alama yenyewe bado tunaitafuta."

"Damu inakwenda wapi, daktari?"

"Nje."

"Nje wapi?"

Akafunga sanduku. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, akaninong'oneza, "Mama, kibali anacho. Usitufukuzie wageni."

Tulipofika kijiji cha Malolo wazee wengi waligoma. Aliyekuja kwa hiari ni Bi Zaina, amemshika mkono mumewe, Mzee Saidi, mstaafu wa reli. Mzee alikuwa amepotea akirudi kutoka Munisagara, njia aliyoipita maisha yake yote. Ndugu zake waliowafuata walisema mke amemloga ili arithi shamba.

"Mpimeni," Bi Zaina alituomba mbele yao. "Semeni ni ugonjwa."

Nikamwambia daktari, "Sitoboi mshipa mpaka umweleze ukweli."

Akamgeukia Bi Zaina, akasema, "Mama, ninavyomwona, huu ni ugonjwa wa ubongo. Lakini damu hii haiwezi kuuthibitisha. Labda itawasaidia wajukuu."

Kaka mkubwa wa mzee akacheka. "Kama haionyeshi kitu, mnaitakia nini?"

Bi Zaina akamshusha mumewe mkono wa shati kabla sijamtoboa, akamwinua, wakaondoka. Siku chache baadaye alihamia naye kwao, kijiji cha Ulaya humu humu Kilosa, akaliacha shamba. Alimlisha na kumwogesha hadi mzee alipofariki. Shemeji zake hawakuja mazikoni.

Sasa nimestaafu. Redio inasema zipo protini katika damu zinazoweza kuashiria ugonjwa huo wa ubongo mapema, ingawa daktari bado humchunguza mtu mwenyewe. Majibu ya damu ya wale wachache waliokubali Malolo sijayaona hadi leo.

Juzi alikuja Mwanaidi, binti wa Bi Zaina na Mzee Saidi, naye ameanza kuingia uzee. Baada ya shikamoo akauliza, "Mama, nikapime?"

"Nenda. Ila uliza kwanza majibu atapewa nani."

Akatikisa kichwa. "Nilimwambia mama kabla hajafa kwamba kipimo kimepatikana. Alisema, 'Hata kingekuwepo siku zile, mwanangu, wangesema nimeiloga na hiyo damu.'"