Mtoto Aliyejifunza Kushiba

Nilikisikia kijiko kabla sijamwona mwenye kijiko. Nilikuwa nimesimama ukumbini, Riyadh, begi bado begani, nikasikia ko, ko, ko, sahani ikigongwa nyuma ya mlango wa jikoni.

"Anakuita," madam akasema, akacheka kwa uchovu. "Hajakujua, lakini anakuita."

Alikuwa mvulana wa miaka mitatu, mashavu yamejaa, mdomo wazi kama kinda. Mama yake, yule madam, alifanya kazi benki, akirudi alasiri alikula peke yake na simu yake. Kumlisha mtoto ilikuwa kazi yangu, nami nilimlisha kwa mkono, kama nilivyolishwa mimi Tanga. Akikataa, nilimfuata mpaka nyuma ya kochi. "Hili la bibi. Hili la mama. Hili la Dada." Dada nilikuwa mimi, na tonge la Dada hakulikataa hata siku moja.

Kwetu sahani tupu ni shukrani. Nilipomtumia mama yangu picha ya mtoto, alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mashallah, amenawiri. Mtoto kalelewa huyo." Niliirudia sauti ile kila nilipokumbuka nyumbani.

Mwaka uliofuata tulihamia Jidda, mtaa wa Al-Safa, karibu na bibi yake. Jioni moja, kwenye michezo ya watoto ufukweni, alikwama katikati ya ngazi, akihema kwa mdomo. "Yalla, dubu, shuka wengine tupande," msichana mmoja akamwambia. Akashuka. Hakulia. Alikuja akalaza kichwa tumboni mwangu, akasema, "Dada, nina njaa." Nikampa biskuti.

Daktari alisema uzito umezidi, na kwamba ugonjwa wa sukari hausubiri mtu akue. Akamwandikisha madam kwenye mafunzo ya wazazi. Madam akanichukua. "Wewe ndiye mwenye mdomo wake," aliniambia garini.

Kina mama walikaa mbele, sisi wafanyakazi nyuma, watoto mapajani. Mkenya aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Cheti wakitoa, tupewe sisi."

Mwalimu aliongea taratibu. Mtoto ajipakulie kidogo. Ale pamoja na wazazi wake, televisheni imezimwa. Asifuatwe na chakula. Juisi ziondoke nyumbani, anywe maji. Akisema basi, iwe basi. Kisha akauliza, "Mtoto wako akishiba, unajuaje?"

Madam aliangalia mikono yake. Halafu akageuka, akanitazama. Nami sikujua. Hakuna aliyewahi kumwacha afike huko.

Tangu siku ile madam alianza kuwahi kurudi. Alitandika sufra, kitambaa cha kulia, sakafuni, akaketi na mwanawe, nami nikaambiwa nibaki jikoni. Mtoto alitupa mkate, akanililia, kisha akaanza: ko, ko, ko.

"Usije," madam alisema kutoka upande wa pili wa mlango. Nilishika ukingo wa sinki nikatazama maji yakitiririka.

Bibi alipokuja na basbusa, keki yake yenye shira, alikuta sukari imepigwa marufuku. "Mmemwanzishia Ramadhani mapema?"

"Mama, halas, basi. Mpende bila kumlisha. Mbebe," madam akasema.

"Nimbebe? Kwa mgongo upi, huu?"

Hata madam alicheka. Basbusa ikarudi ilikotoka.

Sauti ya kijiko ilipungua, kisha ikakoma. Badala yake nilisikia vicheko, na mtoto akimweleza mama yake habari za paka wa jirani. Siku alipofika juu ya ile ngazi ufukweni, nilipiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa juu, anamtafuta mama yake kwa macho.

Ndipo madam aliponiita sebuleni. Dada yake, kule Riyadh, alikuwa amejifungua mapacha. "Huyu sasa anakula na mimi," alisema. "Wale wanakuhitaji zaidi. Baba mtoto ameshazungumza na kafili, mdhamini wako mpya." Alikuwa analia. Sikuulizwa.

Asubuhi ya kuondoka, dereva alikwisha kuteremsha begi langu. Mtoto alikuwa kwenye sufra na mama yake, mbele yao mayai na matango. Nilipiga magoti, nikamega mkate, nikauchovya kwenye yai.

"Hili la Dada."

Aliliangalia tonge. Akaweka kiganja tumboni, kama alivyofundishwa, akasikiliza kidogo. "Halas," akasema kwa upole. "Nimeshiba."

Uso wa madam uling'aa. Ndilo neno tulilolihangaikia, mimi na yeye, kila mmoja upande wake wa mlango.

Nikalila tonge lile mwenyewe. Nikambusu utosini, nikavaa viatu, nikatoka kwenye joto la Jidda. Madam akaufunga mlango nyuma yangu, polepole, ili baridi ya ndani isitoke.