Mfalme Aliyezimwa kwa Pambio

Hasira ile bado ninayo, na sina haraka ya kuitua. Mzee wa kanisa mwenyewe ndiye aliyemchagulia binti yangu mfalme yule. Ilikuwa sikukuu ya watoto katika ukumbi tunaokodi Beltsville, huku Marekani, na kila mtoto alipewa mfalme mmoja aliyewaleta watu wake kwa Mungu. Wangu alipewa wa Norwe, wa enzi za kale, aliyekuja kuitwa mtakatifu. Mzee alilisoma neno hilo, mtakatifu, akatosheka.

Binti yangu Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, hata akiwa na nyanya yake kwenye simu. Safari hii akasema atahutubia kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Jioni narudi Langley Park kutoka kuhudumia wazee wa watu, miguu imevimba, namkuta ananingoja mlangoni. "Mami, raiders tunawaitaje?" Maharamia, namwambia, na viatu sijavua. Nilijua kabisa kwamba wakimwaibisha siku hiyo, hatafungua tena kinywa kwa lugha yetu.

Siku yenyewe alisimama wima. Akaeleza jinsi mfalme alivyokuwa haramia ujanani, akabatizwa ugenini, akarudi kwao kutawala. Watu wakaitikia amina. Akaendelea: waliokataa ubatizo walikatwa mikono, wengine wakang'olewa macho, mpaka wakubwa wa nchi wakachoka naye wakamfukuza. Amina zikakauka. Naye akainua uso akauliza, "Sasa Mungu ali-feel aje, watu wakikatwa mikono juu yake?"

Mzee akaanzisha pambio.

Kwetu pambio likianzishwa katikati ya maneno yako, umefukuzwa kwa heshima. Hufanyiwa hivyo mtu anayekula muda wa wenzake, au mlevi aliyeshika kipaza sauti harusini. Kina mama wakalidaka, makofi yakashika kasi, na mtoto wangu, asiyeijua desturi hiyo, akatabasamu akapiga makofi pamoja nao. Alidhani wamempenda. Nilitamani kupindua meza.

Wakati wa chai nilimfuata mzee.

"Mzee, mtoto hakuwa amemaliza."

"Mama, hayo si mambo ya watoto."

"Si ni wewe ulimpa?"

"Mimi nilimpa mtakatifu," akasema, huku akikoroga sukari.

Nikamwambia mtakatifu wake alirudi na jeshi, akauawa na wakulima wa nchi yake mwenyewe, na kwamba mtoto alikuwa amehangaika kweli kulijua hilo kwa Kiswahili. Akanijibu kwamba tutaliombea. Chai yangu nikaiacha pale pale mezani, nikamshika mtoto mkono tukatoka.

Ndani ya gari alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. "Mami, waliimba! Walipenda story yangu." Ningeweza kumwachia. Lakini watu wazima ukumbi mzima walikuwa wamemdanganya, na mimi sikutaka kuwa mmoja wao.

"Hapana," nikasema. "Waliimba ndio unyamaze."

Akageukia dirishani, tukapita pale barabara ilipochimbuliwa kwa ajili ya reli mpya. Alipozungumza, alikuwa amesharudia Kiingereza. "Was my Swahili that bad?"

"Kiswahili chako walikielewa chote," nikamwambia. "Ndiyo sababu waliimba."