Siku Baba Mdogo Alipoisifu Marsi Mbele ya Wakwe

Kwetu Uvira, siku ya kupeleka mahari mchumba hana mdomo. Wakubwa ndio wanasema. Akithubutu kufungua kinywa, familia ya binti inaweza kusema hana adabu, na mnarudi kwenu mikono mitupu.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui." Mimi ni mwalimu wa jeografia. Binti yule nilimpenda hadi usingizi ulinikimbia, kwa hiyo niliapa kukaa bubu.

Tulipokelewa vizuri kwao Nyamianda. Kabla mambo ya ng'ombe hayajaguswa, baba ya binti akakohoa.

"Watoto wa kartie, hapa mtaani, wanasema huyu mwalimu amefundisha ile sayari ya Marsi majuma matatu. Anaijua kuliko Uvira! Tunaogopa, iko na akili zote? Hiyo Marsi yenyewe iko namna gani?"

Yaani swali langu kabisa, na mdomo sina! Baba mdogo akasimama, akavuta koti.

"Marsi," akasema, "ni inchi nzuri sana."

Ee Mungu wangu.

"Udongo wake?"

Baba mdogo akanitupia jicho. Nikagusa udongo mwekundu uliokauka kwenye kiatu changu. "Mwekundu!" akanguruma. Hapo alipata, maana vumbi lote la kule limejaa kutu ya chuma. Lakini atanyamaza? "Mwekundu wa rutuba! Muhogo unaota wenyewe!" Na kule hakuna hata jani moja.

"Mwezi uko?"

Nikanyoosha vidole viwili kando ya goti. "Iko miwili! Mikubwa, hata taa hamuwashi!" Uongo mtupu. Ni vijiwe vidogo, vimepinda kama viazi.

Baba ya binti alikuwa anacheka sasa, lakini mama ya binti hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika tama.

"Na mwanamuke anaweza kuishi kule?" akauliza. "Apumue? Alee watoto?"

Baba mdogo akapanua mikono. "Mama, ataishi raha mustarehe!"

"Hapana!"

Wote wakageuka. Ilikuwa sauti yangu.

"Mama, hapana. Hewa ya kule ni kidogo sana, na karibu yote ni ile tunayotoa puani. Baridi yake inagandisha damu. Mtu anakufa hata sala ya Baba Yetu hajaimaliza."

Baba mdogo akaketi polepole, mkono kichwani. Nikajua nimekwisha, nimempoteza binti ya watu kwa sababu ya sayari ambayo sitaikanyaga maisha yangu yote. Nilitaka kulia.

"Sasa weye utamupeleka wapi?" mama akauliza.

Nimeshaharibu, nifiche nini tena? "Songo, mama, hapa hapa Uvira. Vyumba viwili. Bati linavuja upande wa jikoni. Robine ya bomba inakaa hata juma zima bila maji, tunachota ziwani."

Baba ya binti akainua kidole. "Muchumba amesema! Kwa desturi yetu..."

"Nyamaza," mke wake akasema. Hakupaza sauti. "Siku yangu miye ya kuolewa, musemaji wenu alisifu nyumba hivi hivi. Sebule, madirisha, kila kitu. Nilipofika, nyumba haikuwako. Nililala kwa mama yako miaka mine."

Mzee akashusha kidole.

"Mupeni huyu mwalimu mtoto wangu," akasema. "Angalau yeye atajua anakwenda wapi."