Kamba ya Oliver

Sauti ambayo Filister haisahau ni ya tumbo la mashua likikwaruza changarawe za ufuo wa Karungu alfajiri, Oliver akiwa mbele, kamba begani.

Oliver ni mwanawe, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Ana usonji, na maneno anayoyajua hayajazi kiganja. Zamani alikuwa akigonga kichwa ukutani mpaka damu ichuruzike. Siku alipowasaidia wavuvi kupandisha mashua ufuoni, alirudi ametulia, akala, akalala. Filister akaelewa: mwili ukichoka kwa kazi nzito, kichwa kinamwacha apumue. Tangu hapo alimpeleka kila asubuhi. Wavuvi wakamwita Injini.

"Injini, washa!"

Walimcheka, lakini walimwachia kamba.

Kisha Elvis, kijana wa mashua ya Maxwell, akazama. Hapa Karungu, mwili wa aliyezama usipopatikana, ni mwiko kugusa mashua. Ufuo ukanyamaza. Asubuhi ya pili Oliver alijing'ata mkono hadi nyama ikaonekana. Asubuhi iliyofuata alimponyoka mama yake, akashika kamba ya mashua ya Maxwell, akaivuta peke yake mbele ya waombolezaji.

Walimpiga kwa makasia.

"Injini imeharibika!" mmoja alicheka, huku akipiga.

"Maxwell, mwanangu," Filister alilia, "mwachie hata mtumbwi mbovu kule nyuma. Asipovuta atajiua."

"Mama Oliver, sisi tunatafuta maiti, wewe unatuletea michezo? Mfunge. Ukishindwa, tutamfunga sisi."

Filister aliijua mikono yao. Akachukua kamba mwenyewe.

Oliver alipoiona, uso wenye damu uling'aa. Akageuka, akainamisha bega amwekee, kama kila alfajiri. Mama akamzungushia kifuani, kisha mikononi, akamfunga kwenye nguzo ya zizi la nyumbani.

Elvis alipatikana, akazikwa. Mashua zikarudi majini. Filister akaenda kumwombea Oliver nafasi yake.

"Aligusa mashua ya msiba," Maxwell alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye nyavu. "Nani atakubali kuvua na mkono ule? Mwache hukohuko."

Kwa hiyo yuko hukohuko. Alfajiri sauti ile hupanda kutoka ufuoni, naye huinama mbele, kamba ikimla mabega, nguzo isisogee. Leo Filister amemletea uji, akamwekea kikombe mdomoni. Oliver hakunywa. Alimtazama mama yake, kisha kamba, akasema kwa sauti ndogo mno:

"Mama, vuta."