Papa wa Siria, Mwalimu wa Gasenyi

Juzi, mbele ya dirisha la forodha pale bandarini, tulikuwa tunamngoja afisa arudi kutoka kula. Kwa kuwa hakuwa na haraka, nikaanza kuwafundisha watu wa foleni. Niliwaambia kwamba mapapa wametoka Siria, Ugiriki, Polandi, Ajentina, na zamani hata Afrika ya Kaskazini.

"Kanisa haliulize mutu anatoka wapi," nilimalizia, kidole juu kama padri mimbarani.

Mama mmoja ninayeimba naye kwaya ya kanisa mtaani kwetu, Mutanga Sud, alikuwa amekalia mzigo wake. Alitikisa kichwa kukubali.

"Umesema vizuri, muzee. Basi siku ya Mungu tumuchague ule mwimbaji mupya akuwe mwalimu wa kwaya."

"Ule? Apana. Ule ni mutu wa Gasenyi, hajue desturi yetu."

Foleni nzima iligeuka, maana Gasenyi ni mtaa wa mji wetu huu huu, mwendo wa basi tu. Mama hakucheka. Alikitazama tu kidole changu, ambacho bado kilikuwa juu.

"Kumbe Siria ni karibu kuliko Gasenyi," alisema.

Nilikishusha polepole, nikajifanya najikuna sikio. Ukatoliki wangu sasa naujua: unafika Roma, unavuka bahari hadi Ajentina, ila wa kwenda Gasenyi umekosa basi.