Chunjua Yenye Macho

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mitumba ndiyo kwanza ilikuwa inajaa soko la Tukuyu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni hata kwa kipande cha sabuni tulianza kuona marundo ya makoti na viatu yamemwagwa juu ya turubai, kila mtu ajichagulie. Watu walinunua, lakini walinunua kwa woga. Waliviita vitu hivyo "kafa Ulaya", kwa kuamini kwamba hakuna mwenye akili timamu anayeweza kutoa kiatu kizima akiwa hai.

Mama hakuwa na nafasi ya maneno hayo. Alikuwa mjane, mchuma chai, na mimi nilikuwa nimechaguliwa kuimba katika kwaya ya watoto siku ya Pasaka bila kuwa na viatu. Akarudi kutoka sokoni na viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba. Vilinitosha kana kwamba vilishonwa kwa ajili yangu. Ila ndani ya kile cha kulia, kisiginoni, ngozi ilikuwa imebonyea na kufanya kishimo cheusi, mahali ambapo mwenyewe alikuwa akikanyagia.

Tuliishi Suma na Bibi, mama mzazi wa marehemu baba yangu. Bibi aliingiza kidole katika kile kishimo, akakitoa upesi.

"Huyu alikuwa anachechemea," alisema. "Mguu wake ulikuwa na kitu."

"Mama, ni viatu tu," Mama alimjibu.

"Vioshe kwa majivu na maji ya moto. Vianike juani, vikauke hasa. Mtoto asivae nyayo za mfu zikiwa bado na joto."

Lakini ilikuwa masika, na Rungwe wakati wa masika jua ni kitu cha kusimuliwa. Pasaka nayo ilikuwa mlangoni. Nikavaa.

Nyimbo tulizoimba siku ile nimezisahau. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya majuma kadhaa ya kuvaa viatu vile nilianza kuhisi nimekanyaga changarawe. Nilivua kiatu, nikakikung'uta, hakikutoka kitu. Nikavaa tena, changarawe bado ipo. Nilipokaa chini na kugeuza unyayo ndipo nilipoiona: ngozi ngumu ya mviringo katikati ya kisigino cha kulia. Haikuchomoza kama chunjua tulizozoea kuziona vidoleni. Ilikuwa imezama ndani, kama msumari uliopigwa ukafika mwisho.

Bibi aliupakata mguu wangu mlangoni, penye mwanga. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Katikati ya ile ngozi ngumu vikajitokeza vitone vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha.

"Ana macho," alisema polepole. "Inauma fijo, inauma sana?"

"Inauma, Bibi."

"Basi sikiliza. Huyu haondoki kwa vita. Anachoshwa tu mpaka aondoke mwenyewe. Ukimkata au ukimchoma, atapanda."

"Atapanda wapi?"

Alipitisha kidole kutoka kisiginoni, akazunguka kifundo, akapandisha taratibu kwenye muundi kuelekea gotini. Kisha akauondoa mkono ghafla, kama mtu aliyejikuta anamwelekeza njia asiyestahili kuijua.

Dawa zake hazikuhitaji duka. Asubuhi niliuloweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha alinisugua kwa jiwe jepesi lenye vitundu, mojawapo ya mawe ambayo mlima wetu uliyatema zamani na yamejaa kila mahali. Jioni alichukua ganda la ndizi mbivu, upande wa ndani akaulaza juu ya chunjua, akafunga kwa kitambaa. Alipopata papai bichi kutoka mabondeni, alidondosha utomvu wake, tone dogo tu, akizungushia mafuta pembeni ili ngozi nzima isiungue. Kila baada ya kunisugua alikagua vile vitone. Kila mara vilikuwepo.

Mimi nilichoka kabla ya chunjua kuchoka. Nilikwenda shuleni nikikanyagia vidole. Habari ya macho ilinitangulia huko, sijui ilipelekwa na nani. Kwenye matope ya njiani wenzangu walianza kuruka alama za mguu wangu wa kulia, mmoja baada ya mwingine, bila kucheka. Wangecheka, ningevumilia. Ule ukimya wao ndio ulionifanya nianze kulala nimeukunja mguu mbali na mwili wangu, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Ndipo alipokuja Ambokile, mtoto wa baba mkubwa, kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi wa kuchaji betri mjini Tukuyu. Alinipenda, na hakuweza kuvumilia kuniona nikichechemea. Mchana mmoja, Mama akiwa kwenye chai na Bibi amekwenda msibani Lupepo, alitoa mfukoni kichupa kilichofungwa kwa mfuko wa nailoni.

"Maji ya betri," alisema. "Yanakula hata chuma. Hicho kidude kitasalimika?"

"Bibi alisema kisichomwe."

"Bibi anaogopa wafu. Wewe unataka kupona au hutaki?"

Nilitaka kupona. Alichovya njiti ya kiberiti, akadondosha. Mwanzo nilihisi ubaridi tu, nikadhani ndiyo basi. Kisha moto ukaanza kuchimba kwenda ndani, na ngozi ikageuka nyeupe, halafu kahawia. Akadondosha tena. Nilipiga kelele, naye akanimwagia maji. Tukauvisha mguu soksi.

"Usimwambie Bibi," alininong'oneza.

Sikumwambia. Mguu ulijisemea. Ulivimba mpaka kifundo kikapotea, nami nikaanza kutetemeka kwa homa kando ya moto. Mama alipovuta soksi, harufu ilijaa chumbani. Kutoka kisiginoni ulikuwa umeanza mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Ulizunguka kifundo, ukapanda kwenye muundi. Ulifuata njia ileile ambayo kidole cha Bibi kilipita.

Mama akapiga ukelele wa kumwita Bibi. Bibi alikuja, akainama, akatazama. Nilisubiri aseme, "Niliwaambia." Nilisubiri afungue kikapu chake cha mizizi. Badala yake aliinuka, akachukua shuka lake.

"Mpelekeni hospitali, sasa hivi," alisema. "Hapa mimi nimefika mwisho."

Mama alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Tangu baba yangu aingie hospitali na kutolewa amefunikwa blanketi, Bibi hakuwahi kulisogelea geti lile. Hata sokoni alipita njia ya mbali ili asilione.

Ambokile alikuwa amesimama uani, analia. Alikiri kila kitu pale pale, kisha akanibeba mgongoni hadi barabarani kwenye mvua. Dereva wa lori la majani ya chai alitupakia nyuma, juu ya magunia. Bibi naye akapanda. Njia nzima alikuwa ameushika mguu wangu, ukucha wake ameuweka pale mstari ulipoishia. Mstari ulipoupita ukucha, aliusogeza. Alifanya hivyo njiani zaidi ya mara moja. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba tunashindana na kitu.

Tulipofika getini alisita. Nilimwona akivuta pumzi, akajifunika shuka kichwani, akaingia.

Walinichoma sindano, wakakata nyama iliyooza, wakanilaza. Daktari aliyenihudumia alimwambia Mama kwamba tungechelewa kidogo tu, mguu usingebaki. Mstari ulisimama chini ya goti, ukafifia, ukapotea. Tuliporudi nyumbani Bibi alivizika vile viatu mwisho wa migomba. "Hatukujui," aliuambia udongo. "Mtoto huyu hakukukosea. Pumzika. Ndaga, asante." Mama, aliyekuwa akiyadharau mambo hayo, ndiye aliyeshika jembe. Pembeni ya kovu vitone kadhaa vilikuwa vimesalia. Tukarudi kwenye maji ya vuguvugu, jiwe na ganda la ndizi, mpaka siku moja nikakuta ngozi laini.

Nimekwisha kuelezwa kitaalamu: chunjua husababishwa na virusi, na huweza kuambukizwa kwa viatu, asidi ilifungua kidonda, vijidudu vikapanda. Nakubali yote. Wala sijui kama yule mwenye viatu alikuwa amekufa au anaishi mpaka leo, na mara nyingine ninapowaza hivyo mwili hunisisimka.

Lakini ninapomkumbuka Bibi, sikumbuki sana onyo lake. Namkumbuka pale getini, shuka kichwani, akiamini kwa moyo wake wote kwamba nyumba ile ilimla mwanawe na inaweza kumla na mjukuu. Aliiogopa kuliko alivyomwogopa yule mfu wa viatu. Hofu yake ilikuwa kubwa, ila haikuwa kubwa kunishinda mimi.